Kiti cha Chumba cha Tisa

Barakoa ina kipimajoto chake.
Ina na kipima-unyevu, kisanduku cheupe ukutani,
nami kila asubuhi, saa mbili na robo, naandika:
nyuzi kumi na tisa, unyevu hamsini na moja.
Ukizidi kidogo tu, simu zinalia hadi ghorofa ya juu
na fundi anapanda ngazi mbili mbili.
Hariri iliyo pembeni yake hukaa nje miezi minne,
kisha tunaiviringa kwa karatasi laini,
tunailaza gizani ipumzike,
maana mwanga huchosha.

Ionie Pinnock ana miaka ishirini na miwili chumbani humo.
Hana kipimo.

Alikuwa na kiti. Machi kikaondolewa:
mlinzi aliyeketi, ilisema barua, haonekani mkarimu.
Sasa husimama, saa nne hadi saa kumi na moja,
akihamisha uzito wake, kushoto, kulia,
kama mtu anayepima kilo za kitu asichokiuza.

Wageni humwuliza choo kiko wapi. Sawa.
Humwuliza kama barakoa ni ya kwao.
"Mimi ni wa Chapeltown," husema, "basi namba mbili."
Wanacheka. Wanangoja jibu la kweli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone;
wahenga hawakutuambia mwenyeji ni nani
pale ambapo aliyezaliwa mtaa wa pili
huulizwa amefika lini.

Oktoba walimhitaji.
Wakampiga picha, wakaitundika mlangoni, refu kuliko mlango,
chini yake: HAPA NI KWETU SOTE.
Novemba ikashushwa.
Mimi ndiye niliyeiviringa,
kwa karatasi laini.

Kisha ikaja wiki ya ustawi:
kikapu cha matunda, na dada mpole kutoka Harrogate
akatufundisha kupumua.
Tukavuta. Tukashusha.
Ionie akarudi kusimama.

Niliuliza mkutanoni habari ya kiti.
Bwana Thackray akaandika, akapigia mstari.
"Tunakusikia, Harjas," akasema.
Kuna kusikia kusikoshuka hadi miguuni.

Na mimi je? Mwaka wangu wa tano hapa
mfadhili mmoja alinikabidhi koti lake la mvua.
Nikalipokea. Nikalitundika.
Kinachoniamsha usiku si koti;
ni jinsi mikono yangu ilivyokuwa myepesi.

Makumbusho: nyumba ya kukumbusha.
Wanakumbuka mti uliochongwa, mwaka, meli, bei.
Jina la Ionie, kwenye beji yake, limekosewa
tangu beji ya kwanza.

Jumanne moja ya Februari nilibaki nyuma,
nikachukua fomu ya hali ya kifaa, nikajaza.
*Kifaa:* mtu.
*Asili:* Leeds.
*Nyufa:* kisigino cha kulia; nyingine hazionekani kwa taa ya kawaida.
*Marekebisho ya awali:* tabasamu, limepakwa mara nyingi.
*Pendekezo:* kiti.
Nikaisoma. Nikaichana.
Ionie si kifaa, na nisingemfanyia lile lile
kwa mwandiko mzuri zaidi.

Nikaenda jikoni kwetu,
nikatwaa kiti cha plastiki, kijani, kimeungua sigara mgongoni,
nikakiandikia namba ya hifadhi kwa wino mweusi,
nikakifunga lebo kwa uzi wa pamba.
Kisiguswe. Kuhamisha: sahihi tatu.

Kiko pale hadi leo.
Thackray amekizunguka mara mbili, mikono nyuma,
akainama, akasoma, akaenda zake.
Hakuna aliyethubutu kutafuta sahihi ya kwanza.

Barua ya Machi bado haijafutwa.
Beji bado ina kosa.

Ila juzi mtoto wa shule aliisoma lebo,
akamtazama aliyeketi, akauliza:
"Na wewe ni sehemu ya maonyesho?"

Ionie akapandisha mguu juu ya mguu.
"Hapana, mwanangu.
Mimi niko kazini."