Zamu Yangu

Nanzala, kaa hapa. Zima redio kwanza.
Daktari wa Eldoret alisema maneno mengi,
lakini mimi nilipima miwa miaka ishirini na sita
kwenye mizani ya kiwanda, hapa Mumias,
na lori lililojaa hewa nalijua kabla halijapanda.
Ini langu halirudi. Tusibishane.

Simu yangu inafunguliwa kwa mwaka uliozaliwa,
uusome kutoka nyuma.
Ng'ombe mweupe asiuzwe kwa ajili ya dripu.
Nikianza kuita majina ya waliotangulia
msinikimbize usiku kwenda kufungwa kwenye mashine.
Nilaze karibu na dirisha la upande wa migomba,
nipe maji kwa kijiko,
na dawa ya maumivu usiipunje.
Deni la Mukoya ni elfu tatu na mia mbili. Atasema nne.
Jeneza lisiwe na kioo,
mimi si samaki wa kuchaguliwa.

Hayo hata wajomba zako watayasikia.
Hili lingine ndilo nililokuitia.

Ndani ya simu hiyo mna watu saba
ambao sijawahi kuwashika mkono.
Tunacheza drafti.
Kila mtu na ubao wake, vizibo vyake,
tunatumiana namba tu,
hatua moja leo, nyingine kesho baada ya kukamua.
Usicheke. Mama yako alipofariki
Lokwawi wa Lodwar alikesha nami mpaka adhana:
kumi na moja, kumi na tano.
Hakusema pole. Alisogeza tu,
akangoja nisogeze.

Mwaka jana Wafubwa wa Kimilili alinyamaza.
Zamu ilikuwa yake, kete tatu kwa zangu mbili.
Nikasema anafikiri, mzee yule ni mzito wa kufikiri.
Siku ya kumi na moja nikamtania:
umelala juu ya ubao?
Siku ya ishirini akajibu mtu mwingine,
kwa herufi kubwa zote:
MWENYE SIMU TULIMZIKA. WEWE UNADAI NGAPI?

Mwanangu,
nilikuwa namtania maiti.

Ndipo tukaagana, sote tuliobaki,
kila mmoja ataje mtu wa kubeba habari yake.
Zubeda wa Homa Bay hana mtoto,
alimtaja muuza dawa wa jirani.
Lokwawi alimtaja padri wake, "ijapokuwa hajui kucheza."
Mimi nilikutaja wewe bila kukuuliza.
Sasa nakuuliza.

Usiwatumie picha yangu nikiwa na mirija.
Usiwaandikie mambo ya ua kunyauka na taa kuzimika,
hao ni watu wa namba.
Andika: Osundwa, siku fulani, saa fulani.
Andika sikuumia sana,
hata kama niliumia.
Wasichange chochote, Lokwawi mwenyewe
ana ukame mlangoni.
Halafu usiizime simu upesi. Watauliza maswali.
Zubeda atataka kujua kama umekula.
Mwambie umekula.

Tena, juu ya kabati kuna ubao, mchezo bado umo.
Vizibo vya bia ni vyangu, vya soda ni vyake Zubeda.
Usipanguse vumbi pale.
Namshinda kwa hatua sita,
yeye anahesabu vingine.
Nikiondoka kabla hatujamaliza
akikupa sare usikubali,
wala usinisalimishe kwa huruma.
Mwambie tu zamu ni yangu.

Unaitikia kwa kichwa. Sema kwa mdomo, nisikie.

Haya.
Washa redio, bei ya miwa inapita.