Irabu ya Kisiwani

Alipoletwa kwangu Tartu hakuwa na koromeo.
Kisu kilishamaliza kazi yake mwezi Februari,
na chini ya shingo kilibaki kitundu
kinachopumua chenyewe, kama mlango wa uani.
Heldur, miaka sabini na moja, fundi wa mapaa ya matete.
Akaandika kwenye daftari: Nifundishe.

Nikampa kijimashine, ukubwa wake tochi ya mfukoni.
Ukikibana chini ya taya kinanguruma
noti moja, haipandi, haishuki,
nyuki ndani ya kopo.
"Hii ndiyo koo yako sasa," nikamwambia.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sikumlaumu. Wengi hudhani maneno hukaa kooni.
Kooni kuna uzi tu, mrefu, haujafumwa.
Mfumaji ni kinywa:
ulimi ukipanda mbele na njia ikabanwa, hiyo I;
taya likiachia, A;
midomo ikichongoka kama ya anayepuliza uji, U.
Pango lile lile la nyama na meno
hugeuza umbo,
hupitisha mawimbi haya, huyanyima njia yale,
na sikio la upande wa pili, lisilojua hesabu,
hupima vilele viwili vya mvumo
na kusema: nimekusikia.

Lugha yetu ina irabu tisa.
Nane zilikuja, zikikwaruza, lakini zilikuja.
Ya tisa, õ, ikagoma.
Õ hutaka ulimi urudi nyuma, midomo ikae bapa,
kama anayebeba mzigo na hataki ujulikane uzito wake.
Yeye alitoa ö: midomo duara, ulimi mbele.
Kwenye skrini michirizi myeusi ya sauti yake
ilikaa juu ya mstari nilioutaka,
kila mara juu, kwa kipimo kile kile.
Nikaandika kwa wino mwekundu: kosa.
Jumanne kosa. Ijumaa kosa.
Wiki tatu.

Ndipo akataka kumpigia dada yake simu.
Aliide, mzee kuliko yeye, yuko Saaremaa, hapendi simu.
Heldur akakibana kijimashine.
"Nani? Nani huyo?" kule ng'ambo. "Sinunui kitu!"
Akataja jina lake. Likazama kwenye mngurumo.
Akalirudia. Mngurumo ule hauna umri,
hauna ukoo, hauna hata mafua.
Nikanyoosha mkono niichukue simu nieleze mimi.
Akanizuia kwa kidole kimoja.

Dada, kwetu bara, ni õde.
Yeye akasema kama walivyosema jikoni kwa mama yao:
"Öde."

Kimya. Nikasikia saa ya ukutani ya kule ikigonga.
Kisha bibi yule, polepole:
"Heldur. Nani amekutia jogoo wa bati shingoni?"

Sisi wa bara huwacheka watu wa kisiwani kwa irabu hiyo.
Mwache aagize bia, husema watu, utajua alikozaliwa.
Mzaha huo niliujua tangu shuleni,
nami nilikaa na skrini yangu wiki tatu
nikimsahihisha mtu kijiji chake.

Waliongea dakika arobaini. Viazi. Paa la ghala linalovuja.
Nani amekufa, nani amekataa kufa.
Nilijifanya napanga karatasi.
Mara betri ikaisha, katikati ya neno,
na mngurumo ukakatika kama maji ya bomba.
Hakugundua.
Midomo yake iliendelea, ikaviringika, ikatanuka,
ulimi ukapanda na kushuka kwenye pango lisilo na uzi,
irabu nzima nzima, kila moja mahali pake,
zikipita chumbani bila mlio.

"Sema tena," akasema Aliide.
"Heldur? Hilo la mwisho sikulipata."