Jina Nililoliruka

Usiku ule mlima ulipofungua kinywa
sikuomba vizuri.
Niseme ukweli, maana kanisani sikuusema.

Barabara ya Sake ilijaa magodoro yanayotembea,
watoto wamefungwa migongoni kwa shuka,
mbuzi, redio, bibi mmoja juu ya chukudu
kama gunia la makala,
na mimi, fundi Bauma, cherehani kichwani,
nikirudia neno moja kila hatua:
Nyumba, Bwana. Nyumba tu. Nyumba.

Sikumtaja Kavugho, jirani yangu,
ingawa ukuta wake na wangu ni ukuta mmoja,
mawe yaleyale meusi ya moto wa zamani
tuliyoyabeba pamoja, mume wake akiwa hai.
Nilikuwa na pumzi ya ombi moja.

Siku ya tatu tukarudi Goma.
Moto ulikuwa umefika, ukasimama.
Hatua nne kutoka mlango wangu, nilizihesabu,
umelala mweusi, unatoa moshi,
kama ng'ombe aliyekatazwa kuingia.
Na ng'ambo ya ukuta
bati moja lililokunjamana,
na Kavugho, akitafuta kwa mguu
mahali palipokuwa jiko.

Jumapili wakanipa kipaza sauti.
Toa ushuhuda, ndugu!
Nikasema: Mungu amejibu.
Makofi. Ngoma.
Na kwenye benchi la tatu, katika kitenge cha kuazima,
Kavugho naye alipiga makofi.
Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

Maneno yakanikauka.
Kwa maana kama Mungu ni huyo niliyemtangaza,
anayechagua mlango huu na kuuacha ule,
basi ni karani wa ofisi ya ardhi,
anawajua watu wake kwa sura,
na mimi nimepitia mlango wa nyuma.

Tulipotoka nilimwambia: Njoo.
Sikuongeza neno.
Alikuja na watoto watano
na sufuria isiyo na kifuniko.
Chumba cha cherehani kikawa chumba chao.
Tulikula bugali na sombe, mikono tisa sinia moja,
nikamuuliza aliomba nini usiku ule njiani.
Alikuwa anampangusa mdogo kamasi.
"Usituache nje," akasema. "Hayo tu."

Nikatazama dari yangu.
Kumbe halikuwa jibu langu.
Lilikuwa lake, limepita kwangu
kama maji yapitavyo bombani,
na bomba likasimama kanisani
kujisifu kwamba limenyweshwa.

Nilimdhania Mungu mkono.
Ni sikio kwanza,
tena pana kuliko ombi langu:
lilisikia hata jina nililoliruka.
Hajibu kama alipaye deni.
Ni kama mama mwenye bakuli moja la sambaza,
haulizi nani ameita wa kwanza.

Lakini Paluku alirudi kumfuata mbuzi wake,
mazuku yakamlaza palepale kwenye nyasi.
Naye aliomba. Mke wake alimsikia.
Hapo sina ushuhuda,
narudisha kipaza sauti.
Najua tu kwamba Mwana naye aliomba usiku, jasho likimtoka,
na aliyenyamaza alikuwa Baba.
Sielewi.
Nimelikunja hilo na kuliweka kabatini,
kama kitambaa cha mteja ambaye hajaja kupimwa.

Sasa ni saa nne za usiku, umeme umekatika.
Mtoto wa Kavugho amelala chini ya cherehani,
mguu wake juu ya kanyagio.
Kuna suruali ya watu inayotakiwa asubuhi.
Nimewasha mshumaa.
Nashona kwa mkono,
asije akaamka.