Kitabu cha Langoni

Kitabu changu kina safu nne:
jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sababu.
Safu ya ushindi hakuna.
Ushindi huandikwa ofisini, kwa rangi ya dhahabu,
kwenye ubao ambao mchwa wa Chaani wameshauonja pembeni.

Kabla ya hapa nililinda makontena,
miaka kumi na mmoja, zamu ya usiku.
Kontena unalala nalo jirani na hujui limebeba nini,
na likiondoka haliagi.
Hawa huaga. Huaga wote kwa pamoja,
wa gredi ya saba wakipenya kwapani mwa wale wenye ndevu,
na mashati yao hunisomea walichokula:
viazi karai kifuani, ukwaju mkononi.

Februari. Tunu Mwachiro na wenzake watatu, saa nane.
Sababu: *Visima.*
Visima gani, nikauliza.
Wakanifungulia mkoba: chupa za dawa ya kikohozi, zimeoshwa,
kila moja na kibandiko chake.
*Kwa Bi Mbodze. Msikitini. Kwa fundi wa magurudumu.*
Walikuwa wakipima chumvi
kwa nyaya mbili, betri,
na kitaa kilichong'olewa kwenye kiatu cha mtoto,
vile viatu vinavyometameta akikanyaga.
Kitaa kikiwaka sana, maji yana chumvi.
Nikawaletea ya kisima cha nyumbani kwangu.
Kikawaka kama usiku wa Idi.
Miaka ishirini nimeyanywa,
nikidhani ndiyo ladha ya maji.

Machi, kwaya.
Mazoezi walifanyia nyuma ya ukuta wa barabarani,
malori yakipiga honi kuingia bohari,
wakazoea kunyamaza lori linapopita
na kuanza tena bila kuhesabiwa.
Odera, gredi ya nane, ndiye aliyekuwa na ubeti wa tatu,
sauti nyembamba, safi, ya kukata kioo.
Siku ya kwenda Tononoka ikamvunjikia ndani ya basi,
pale pale daraja la Makupa.
Alipanda kifaranga, akashuka jogoo.
Nyamvula wa gredi ya kumi na moja,
anayemgombeza kila asubuhi kwa kutochomekea shati,
akaubeba ubeti ule bila kuombwa.
Ukumbini hapakuwa na malori.
Wakanyamaza hata hivyo, mahali pale pale,
kisha wakaanza, wote kama pumzi moja.
Jaji akaandika: *kimya kimepangwa vyema.*

Walishika nafasi ya nne.
Mimi nimeandika: *kurudi, saa moja na dakika ishirini usiku.*
Odera alikuwa kiti cha nyuma kabisa,
anaijaribu sauti yake mpya kwa kuhesabu,
moja, mbili, tatu,
kama mtu aliyevaa viatu vya babake.

Siku ya zawadi mimi hubaki langoni, ndiyo ada.
Makofi huyasikia juu ya ukuta, majina siyasikii.
Mengine huwa marefu.
Hukisia: hayo ya Tunu, hayo ya mbio za kupokezana.
Safari hii palikuwa na kimya kirefu,
na sikujua ni lori au ni mtoto anayesubiriwa apande jukwaani.

Harith Bakshwein hakuitwa. Nina hakika,
kwa sababu alikuwa nami kwenye benchi.
Mwezi wa tano alitoka kwenda Kisauni,
sababu: *Sataranji*,
akacheza mara tano, akafungwa mara tano,
akaniomba niandike saa ya kurudi kwa uangalifu,
mamake huja kuikagua.
Tangu hapo ananifundisha.
Ubao tumeuchora kwa makaa.
Kizibo cha soda ya chungwa ndiye malkia,
na farasi ni kokwa ya tende, maana hukaa upande upande.
Jana nilimla farasi wake wa pili.
Hakunipongeza. Aliutazama ubao, akakuna goti,
akamsogeza askari mmoja, mdogo, hatua moja tu,
na nje lori likawa linapiga honi, linapiga honi,
nami sijainuka.