Mwokota Safi

Karani wa sensa aliandika kama kuku anayeparura majivu.
Mwaka elfu moja mia nane hamsini na moja,
Bermondsey, kusini ya mto, uchochoro usiofika popote:
Keziah Tuffnell, mjane, umri hamsini na minane,
kazi yake (nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena)
mwokota safi.

Safi gani?

Majirani zake nilikwisha kuwafumbua.
Nambari tatu, mgonga madirisha:
fimbo ndefu, alfajiri, watu wawahi viwandani.
Yeye aliamshwa na nani, karani hakuuliza.
Nambari sita, mpekua mitaro,
aliyerudi kwake usiku na vijiko vya watu.

Lakini safi?
Kaka yangu Clive alisema maji, maji ya kisima.
Binamu Lorna alitaka ziwe nguo za kanisani.
Na mimi, nakiri, nilimvika aproni nyeupe,
nikampa mikono inayonukia sabuni,
nikawa namwamkia kila nilipowasha taa.

Wiki tatu hivyo.
Kisha Bi Pargeter wa chumba cha nyaraka,
mwanamke asiyejua kunong'ona,
akaniletea daftari la kiwanda cha ngozi,
kidole juu ya mstari:
*Tuffnell, ndoo mbili, safi, shilingi moja na peni nne.*
"Mavi," akasema. "Ya mbwa. Yalilainisha ngozi.
Makavu ndiyo yaliyopata bei."

Chumba kizima kikainua vichwa.

Lorna akanisihi kwa simu: achana nayo,
mavi ya kale hayanuki.
Ndiyo, Lorna, hayanuki,
ndiyo maana leo naweza kuyasogelea.

Nikaenda. Uchochoro haupo; pana duka la baiskeli.
Nikamwona hata hivyo, mgongo umepinda,
ndoo yenye kifuniko, jicho la mwewe,
glavu moja tu, mkono wa kulia.
Jozi kamili ilikuwa ya wanawake wa ng'ambo ya mto,
waliovaa laini aliyoiokota yeye
na kumpisha njia kwa leso puani.

Nyumbani tuna Biblia ya bibi,
jalada la ngozi ya ndama, laini kama ndewe ya sikio.
Ukurasa wa kwanza, wino wa kahawia,
wazee wetu na kazi zao:
seremala, mhunzi, karani wa bandari,
mwingine karani tena.
Keziah hayumo.
Nimelifunga, nimelipapasa jalada kwa kiganja,
mbele, nyuma, kwenye uti.
Labda humo ndani sipo pa kumtafuta.

Asubuhi ya leo, manyunyu,
mbwa wangu Biskuti akachuchumaa karibu na kituo cha basi.
Nikatoa kimfuko cha plastiki,
nikatazama pembeni, kama tufanyavyo sote,
kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine.
Halafu nikaacha kutazama pembeni.

Nikainama.
Yalikuwa na joto bado.
Mabichi, angesema; hayana bei haya.
Mzee mmoja kituoni akanisalimu kwa kofia.
Nikayabeba hadi pipa la pili,
kwa kuwa la kwanza lilikuwa limejaa.