Nipe Mji

Jumatano, ukumbi wa Kaloleni, saa moja u nusu.
Meza sita, viti vya kuazima, birika la tangawizi.
Mimi ni wa chaki: naandika alama ubaoni,
sina ruhusa ya kujua kitu.

Mwalimu Ndeto kadi zake zinalala ndani ya kopo la kakao.
Huchomoa moja, huisogeza mbali na macho, huuliza.

Pweza ana mioyo mingapi?
Mitatu! Meza ya pili, kabla hajafunga mdomo.
Na twiga, kwa shingo yote ile, mifupa ya shingo mingapi?
Saba, kasema Barasa, fundi wa redio,
saba kama wewe, kama mimi, kama mama mkwe wako.
Sayari gani siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake?
Kimya.
Kisha sauti kutoka jikoni: Zuhura!
Ni Achola, anaosha vikombe. Hahesabiwi. Hana meza.

Mnyama gani mavi yake yana pembe, kama dadu?
Hapo hata mchungaji alikohoa.
Hakuna aliyejua wombati, wala Australia yake.
Nikachora sufuri sita, za mviringo,
nikaziona zinanicheka.

Likabaki swali moja. Meza ya nne na ya tano sare,
na zawadi jukwaani: jogoo,
kafungwa mguu kwa kamba ya kiatu,
hajui jibu lolote ila la alfajiri.

Maji huchemka kwenye nyuzi ngapi?

Mia! Meza ya tano, kwa pamoja, kama darasa la nne.
Meza ya nne akasimama Kerubo,
auzaye maziwa lala kule karibu na Burma.
Tisini na nne, akasema. Tisini na tano ukibembeleza.

Kadi inasema mia.

Na kadi inaishi wapi, Mwalimu?
Kwetu ukitegewa kitendawili kikakushinda
unatoa mji. Mtegaji anauchukua,
anakwenda, anakula, anakunywa, anashiba,
ndipo anarudi kukufumbulia.
Leo umeshindwa wewe. Nipe mji.

Tukamtazama Ndeto. Ndeto akatazama kopo.
Nairobi, akasema, kwa sauti ya mtoto aliyechelewa shule.

Haya. Nimekwenda Nairobi, nimekula,
nimekunywa, nimelipa kodi ya nyumba, nimerudi.
Mji huu umekaa juu, Mwalimu,
karibu mita elfu moja na mia nane toka usawa wa bahari.
Hewa ya huku haina uzito wa kuyakalia maji.
Yanainuka mapema.
Wamaasai walipaita maji baridi;
hata yakichemka, hayafiki mia.

Akafunua kiondo, akafungua kitambaa,
akatoa kipimajoto kirefu cha maziwa.
Achola akaja na sufuria inayotokota,
na kwa mara ya kwanza mwaka huu akakaa mezani.
Tukainama, vichwa kumi na tano juu ya mvuke mmoja.
Mstari mwekundu ukapanda themanini, tisini,
tisini na tatu,
ukapanda unywele mwingine,
ukagoma.
Maji yalirukaruka, yakamwagika, yakazomea.
Mstari haukujali.

Ndeto akageuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu.
Hiki ni cha maziwa, akasema. Jibu ni mia.
Jogoo akaenda meza ya tano, kichwa chini.
Nami nikaandika nilichoambiwa,
mkono ukiwa mweupe hadi kwenye kiwiko.

Nimefika nyumbani saa nne.
Maharagwe yako motoni tangu alasiri,
bado magumu kama shanga.
Miaka kumi na mmoja nimemlaumu muuza makaa,
nikamlaumu yule mama wa Gikomba na gorogoro lake,
hata mbegu nimeitukana.

Nimefunika sufuria.
Nimetoka nje na tochi, nimetafuta jiwe,
nimeliosha,
nimeliweka juu ya kifuniko.