Mgeni wa Saa Nane Usiku

Ilianza na feni.
Saa nane na dakika kumi na saba, Kutaisi imelala,
theluji nyepesi imefunika magari uani,
na kompyuta niliyoihamishia jikoni,
karibu na kochi ninalolalia majira ya baridi,
inavuta pumzi kama mtu aliyekumbuka deni.
Dakika nne hivi. Kisha kimya.

Usiku wa kwanza nikasema ni joto la jiko.
Wa pili nikasema ni uzee, wake au wangu.
Wa tatu nikakaa nayo, shali mabegani,
chai imepoa, nikiivizia
kama paka anavyovizia tundu.

Ikaja. Ndani ya orodha ya shughuli,
katikati ya majina niliyoyazoea,
jina moja lisilo na irabu hata moja.
Mimi husahihisha vitabu vya shule, mwaka wa thelathini na moja huu;
konsonanti hazinitishi, lugha yetu huzirundika kama kuni.
Lakini hili halikuwa neno la mtu yeyote.

Usilolijua ni kama usiku wa giza,
na giza halikosi la kufanya:
nikamshuku Bondo wa ghorofa ya pili, anayeuliza maswali mno,
nikaishuku benki, nikaishuku serikali,
nikamshuku hata mwanangu Jaba, aliye Gdansk,
eti ananichungulia nisije nikaanguka bafuni.
Nikachomoa waya wa intaneti.
Nikaiua ile programu. Ikafa.
Nikahesabu moja, mbili, tatu… kwenye saba ikafufuka,
jina lile lile, bila haya.

Basi nikaacha kuua, nikaanza kusoma.
Unaishi wapi? Folda ndani ya folda ndani ya folda.
Nani amekutilia saini? Hakuna.
Ulizaliwa lini?
Tarehe thelathini na moja Desemba,
saa tano na dakika hamsini usiku.

Nikacheka peke yangu, mkono mdomoni.
Zauri! Shemeji Zauri na maikrofoni yake ya rangi ya dhahabu,
aliyeileta mkesha wa mwaka mpya
ili tuimbe kwa kufuata maneno yanayopita kwenye skrini.
Akachomeka, akabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo,
akaimba vibaya, akamlilia mama yake kidogo,
alfajiri akaondoka na maikrofoni ndani ya koti.
Boga likaenda zake. Ua likabaki kwangu.

Ratiba yake niliikuta mwisho kabisa:
kila usiku, saa nane na dakika kumi na saba, amka,
uliza kama kuna toleo jipya.
Usipojibiwa, uliza tena.
Nikarudisha waya, nikaitafuta kampuni yenyewe.
Ilikwishafungwa. Anwani haifunguki.
Mlango alioubisha majira yote ya baridi
haukuwa hata na nyumba nyuma yake.

Mgeni siku mbili. Huyu alitimiza hamsini na ushei,
na jembe la kumpa sikuwa nalo.
Nikabofya: zima. Futa nikaiacha.
Hata kwenye karatasi sifuti;
napiga mstari mmoja mwembamba,
herufi zionekane chini yake,
mwandishi akija kubisha ajue nilikata nini.

Usiku ule feni haikupumua.
Saa nane na dakika kumi na saba nilikuwa macho.
Friji ikanguruma, ikaacha.
Chini, mtu akatumbukiza sarafu kwenye lifti,
maana yetu haipandi bure,
nikaisikia ikijivuta: ya pili, ya tatu,
ikasimama hapo. Mimi niko ya nne.
Funguo, mlango,
kicheko cha mtu anayejizuia asicheke.
Nikawasha taa. Ukurasa wa mia na tisa
ulikuwa na makosa kumi na mawili.